Shajara ya Fundi wa Mtwara: Siku za Risasi, Zebaki na Ndoo Iliyojaa

Jumatatu

Mzigo wa Kariakoo umefika na basi la usiku. Boksi limelowa upande mmoja lakini vitu vya ndani ni vizima. Niliagiza waya wa kulehemu usio na risasi. Boksi lina picha ya jani la kijani na maneno yanayosema humo ndani hakuna risasi. Nimefungua, na kigurudumu cha waya kimeandikwa Sn60Pb40, yaani bati asilimia 60 na risasi asilimia 40.

Nimempigia muuzaji. Amenijibu kwa upole: "Kaka, zote zinayeyuka."

Ni kweli zinayeyuka. Lakini sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006 iliweka mpaka kwa vifaa vya umeme vinavyouzwa huko: risasi isizidi asilimia 0.1 katika kila kiambato. Waya ulioko mezani kwangu una mara 400 ya kiwango hicho. Orodha ya kwanza ilikuwa na vitu sita: risasi, zebaki, kadimi, kromi ya daraja la sita, na makundi mawili ya kemikali za bromini zinazotiwa kwenye plastiki isishike moto. Tangu Julai 2019 vimekuwa kumi, baada ya kuongezwa kemikali nne za kulainisha plastiki. Kadimi ndiyo iliyobanwa zaidi, asilimia 0.01 tu.

Kijana wangu wa dukani ameniuliza sheria ya Ulaya inatuhusu nini sisi wa Mtwara. Swali lake ni la haki. Viwanda vinavyotengeneza simu haviwezi kuwa na laini moja ya Ulaya na nyingine ya Chikongola, kwa hiyo bodi nyingi zinazofika hapa zimelehemiwa bila risasi. Risasi hurudi ndani ya simu siku inapofika kwa fundi mwenye waya kama huu wangu wa leo. Kiwanda kimeitoa kwa gharama kubwa, na fundi anairudisha kwa shilingi chache. Hilo linaniuma. Nimeufunga waya ndani ya boksi lake na kuandika juu yake kwa kalamu nyekundu: USITUMIKE.

Jumanne

Nilikuwa na kipande kilichobaki cha waya wa bati, fedha na shaba. Huu huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, wakati ule wenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi siku umeme unapokuwa hafifu. Leo ulikuwa hafifu tangu saa nne. Chuma cha kulehemia kilipata joto la kutengeneza chai, si la kutengeneza redio. Nimesubiri hadi saa tisa.

Redio ni ya mzee mmoja wa jirani ambaye haachi taarifa ya habari impite. Nilipomkabidhi, alivaa miwani na kuitazama bodi kwa muda mrefu.

"Fundi, mbona umeunga kwa majivu?"

Nimemweleza kwamba viungo visivyo na risasi hupoa na rangi ya kijivu, havimetimeti kama vya zamani, na kwamba kufifia huko si dalili ya kazi mbovu. Nimempa lenzi aone jinsi bati lilivyotambaa vizuri kwenye shaba. Ameangalia. Amesema macho yake yamezoea kung'aa, na atalipa nusu kwanza, nusu nyingine redio ikimaliza mwezi. Nimekubali, maana ni mzee wangu na ana haki ya kuona kitu kinadumu kabla ya kukiamini.

Jumatano

Mama mmoja kutoka Mikindani amekuja na simu iliyofungwa kwenye kanga. Ni mojawapo ya simu zilizozimwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipoziondoa mtandaoni simu bandia. Wasomaji watakumbuka matangazo yale: pamoja na mambo ya usalama na ushuru, tuliambiwa kwamba simu hizo huweza kuwa na vitu vya sumu kupita kiasi kwa sababu hakuna aliyezipima. Nakubaliana na hatua ile hadi leo. Lakini simu zilizozimwa hazikuyeyuka. Ziliingia kabatini, na kila mwaka zinatoka moja moja.

Mama hataki kupiga simu. Anataka picha za marehemu mumewe zilizomo ndani.

Betri ilikuwa imevimba hadi kifuniko cha nyuma kimeinuka. Nilipokifungua taratibu, kilivunjika vipande viwili, na kipande kimoja kikarukia kikombe cha chai cha kijana. Betri haikutoboka, namshukuru Mungu, maana betri ya lithiamu iliyotobolewa huwaka na moshi wake ni mkali. Nimeweka betri nyingine, simu imewaka, na picha zimehamia kwenye simu ya binti yake. Mama amemtazama mumewe akiwa amesimama kwenye jeti ya Shangani na hakusema kitu kwa kitambo.

Kisha akaniuliza: "Na hii ya zamani, baba, utaipeleka wapi?"

Nimemwonyesha ndoo yenye mchanga mkavu na mfuniko. Ametazama ndoo, akanitazama mimi. "Ndoo nayo utaipeleka wapi?"

Alhamisi

Mvua. Paa linavuja juu ya ndoo hasa. Tumeihamisha. Sasa linavuja juu ya kiti cha wateja, na hapakuwa na wateja.

Ijumaa

Baada ya swala nimepanda kivuko kwenda Msangamkuu kumwona mjomba, anayevua huko. Nilikwenda kwa salamu tu. Nimemkuta nyuma ya nyumba, amepasua betri ya gari iliyokufa, anayeyusha sahani zake kwenye sufuria ili apate chubwi za nyavu. Tindikali alikwisha kuimwaga mchangani. Mkewe yuko hatua chache anapepeta mchele, na wajukuu wamekaa upande unakokwenda moshi kwa sababu ndiko kwenye kivuli.

Nimempa shikamoo kwanza. Kisha nikawaita watoto waje mbele ya nyumba kuona nilichowaletea, nao wakaja mbio. Ilikuwa mkate wa mofa, umetosha.

Nimerudi kukaa na mjomba. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, moto wa kuni unaifikia bila shida, ndiyo maana kazi hii inafanyika nyuma ya nyumba nyingi za pwani yetu. Ubaya uko kwenye moshi na vumbi. Vumbi la sahani za betri linakaa kwenye mchanga, kwenye vidole, kwenye ungo. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Inaingia kwenye ubongo unaokua na kwenye mifupa. Mtoto haumwi siku ile ile. Anakua akiwa mzito wa kushika masomo, na hakuna atakayekumbuka sufuria.

Mjomba akasema baba yake aliyeyusha risasi na akafa mzee sana. Sikubishana juu ya babu. Nimemsimulia habari ya Owino Uhuru, kijiji kilichoko Mikindani ya Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alifanya kazi kiwandani hapo, mwanawe akaugua kwa risasi, na mama huyo akaanza kupiga kelele hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufani ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurudisha. Watoto waliougua wakati ule sasa ni vijana.

Mjomba amenyamaza, akauliza: sasa avulie nini? Vipande vya nondo vinachana nyavu. Mawe yanapotea. Udongo wa kuchoma unavunjika kwenye mwamba. Sikuwa na jibu zuri, na sipendi kumwambia mvuvi aache kitu bila kumpa kingine. Tumekubaliana kwamba atanunua chubwi zilizokwisha tengenezwa, hatayeyusha tena nyumbani, na sufuria ile haitarudi jikoni. Shangazi ameichukua sufuria palepale na kuitoboa kwa msumari ili pasiwe na mjadala. Ilikuwa sufuria yake kubwa ya pilau.

Nimekosa kivuko nilichokusudia. Nimerudi na mtumbwi, nikalowa hadi magotini.

Jumamosi

Dada yangu anayeuza samaki Mikindani amepiga simu mapema. Watu hawanunui. Habari imevuka maji usiku kucha na kufika kwake hivi: Mikindani kuna sumu ya risasi, watoto wameugua, mahakama imeamua.

Nimepanda daladala hadi Mikindani. Nimesimama kwenye meza ya dada na kueleza kila aliyepita kwamba Mikindani iliyoshtaki ni ile ya Mombasa, na kwamba samaki wa hapa hawana kesi. Baba mmoja akauliza kwa nini miji miwili iwe na jina moja. Mwingine akasema kama sumu haipo, basi bei ishuke kufidia usumbufu. Imeshuka. Hadi alasiri changu wote wamekwisha, isipokuwa mmoja tuliyemla sisi.

Faida moja ilipatikana. Kijana muuza vyuma chakavu aliyekuwa akisikiliza ameniuliza kama betri za pikipiki nazo zina risasi. Zinayo, za aina ya tindikali. Amesema yeye humwaga tindikali mtaroni kabla ya kupima uzito. Nimemwambia anunue betri ikiwa nzima, na maji yake ndani, kwa sababu mtaro ule unaishia kwenye ghuba ambako dada yangu anapata samaki. Hakuahidi. Lakini alirudi baadaye kuniuliza tena, na mtu anayerudi kuuliza ana nia.

Jumapili

Shemeji amekuja kutoka ng'ambo ya Ruvuma, amevukia Kilambo. Amekuja na salamu za ndugu wote, korosho za kukaanga, na gunia. Gunia limejaa simu mbovu alizonikusanyia kwa miezi mingi, kwa mapenzi mema kabisa, akijua mimi ni fundi.

Huu ndio mtihani mgumu wa juma zima. Kwetu Wamakonde mto huo haujatenganisha ukoo, na zawadi ya shemeji hairudishwi. Lakini Tanzania imo katika Mkataba wa Basel tangu 1993, na Msumbiji nayo imo. Mkataba huo unataka nchi inayotoa taka hatarishi iiarifu nchi inayopokea na kupata idhini ya maandishi kabla mzigo haujaondoka. Na tangu tarehe 1 Januari 2025 utaratibu huo umepanuliwa: taka zote za umeme na elektroniki, ziwe za sumu au la, zinahitaji idhini. Mkataba haukutaja gunia la shemeji, lakini haukulisamehe pia.

Nimekula naye kwanza. Nimesifu korosho, ambazo kweli zilikuwa nzuri. Halafu nimemweleza. Alidhani namtania. Alipoona simtanii, alidhani nimepata pesa na sasa nawadharau watu wa ng'ambo. Mke wangu ameingilia kati, akamwambia kaka yake kwamba hata yeye hawezi kuvuka na takataka za jirani bila kuulizwa, itakuwaje za nchi nzima. Hapo akacheka. Tumezikagua pamoja na kutenga zile zinazoweza kutengenezeka huko huko. Nimemfundisha jinsi ya kufunga ncha za betri kwa utepe ili zisigusane njiani. Gunia limerudi lilikotoka, pamoja naye. Hakukubali nimpe nauli, na hilo linanisumbua.

Jumatatu

Shule moja imeniita kubadilisha taa za mirija kwa taa za LED. Kazi safi. Mirija ya zamani ina zebaki kidogo, miligramu chache kwa kila mmoja, lakini zebaki hugeuka mvuke hata kwa joto la kawaida, na joto la Mtwara mwezi huu si la kawaida. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama walikubaliana huko Geneva kwamba ifikapo mwisho wa 2027 mirija hii isitengenezwe wala kuuzwa tena kati ya nchi na nchi.

Nimeifunga kwenye maboksi yake, nikaita bajaji. Kwenye tuta la karibu na soko mrija mmoja umepasuka. Nimemwomba dereva asimame, tushuke wote, tukae upande unakotoka upepo. Abiria mwenzangu alikuwa na kuku wawili, nao wameshuka. Dereva alitaka kufagia vipande kwa ufagio. Nimemzuia, maana ufagio hurusha na kusambaza. Nimeviokota kwa karatasi ngumu, nikapangusa kwa kitambaa chenye maji, vyote vikaingia kwenye chupa yenye kifuniko. Tumekaa robo saa barabarani. Nimelipa nauli ya abiria wote, na ya kuku.

Jumanne

Siku ya kutafuta jibu la yule mama wa Mikindani.

Kanuni tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na mwaka 2021 zikatoka kanuni maalumu za kudhibiti taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Kukusanya, kuhifadhi, kusafirisha na kurejeleza taka hizi kunahitaji kibali. Nazisoma kanuni hizo kwa heshima, kwa sababu aliyeziandika alijua kwamba takataka ya bodi si sawa na ganda la ndizi.

Nimempigia mkusanyaji mmoja wa Dar es Salaam. Amefurahi kusikia kutoka kusini. Anakuja mzigo ukifika tani. Nimempigia wa pili, naye hafiki mbali hivyo. Nimekwenda stendi kuuliza kama basi litachukua ndoo. Karani wa vifurushi aliposikia neno betri alirudisha kitabu chake ndani. Alikuwa sahihi, betri zilizovimba hazipandi basi la abiria. Nimepita ofisi moja kuomba ushauri. Aliyehusika alikuwa safarini.

Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Simu mpya inazisafiri usiku mmoja. Simu iliyokufa haina tiketi.

Jumatano

Watoto wanachoma nyaya ufukweni Shangani ili wapate shaba. Moshi mweusi, harufu ya plastiki, upepo unaupeleka kwenye nyumba. Plastiki ya nyaya ikiungua kwa moto mdogo hutoa daioksini, na nyaya za zamani zina risasi ndani ya ganda lenyewe. Mwaka 2001 forodha ya Uholanzi ilizuia mashine za michezo za PlayStation milioni 1.3 kwa sababu nyaya zake zilikuwa na kadimi kupita kiasi. Nyaya tu. Kampuni kubwa ilisimamishwa bandarini kwa ajili ya ganda la waya, na sisi tunalivuta puani.

Nimewaambia vijana kwamba shaba iliyomenywa kwa kisu hununuliwa kwa bei nzuri kuliko iliyoungua. Kijana wangu akaonyesha jinsi ya kumenya, akajikata kidole gumba. Mafunzo yakasimama tukatafuta plasta. Jioni mmoja wao amekuja dukani na kifungu cha shaba safi, inang'aa, na akataka aandikwe jina.

Alhamisi

Ndoo imejaa. Nimenunua nyingine.

Dunia nzima ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa Afrika ni chini ya asilimia moja. Hapa kwetu, mwaka 2000 tulitangaza Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma kuwa hifadhi ya bahari, tukalinda matumbawe, mikoko na kasa. Risasi ya mtaroni haisomi bango la hifadhi.

Basi naandika ombi langu hapa. Halmashauri zetu zitenge chumba kimoja kikavu, chenye kufuli na sakafu ya saruji, cha Mtwara, Mikindani, Msangamkuu na Msimbati kwa pamoja, ili mafundi tupeleke ndoo zetu na tani ipatikane. Waagizaji wanaotuuzia simu, taa na betri wachangie nauli ya kuzirudisha, maana faida ya kuzileta waliipata. Mafundi wenzangu wa Lindi, Newala na Masasi, msitupe, msichome, wala msitumie waya wenye risasi kama usio nayo unapatikana. Nawe msomaji mwenye betri iliyovimba kabatini: usiitoboe, usiianike juani, usimpe mtoto achezee. Funga ncha zake kwa utepe, iweke pakavu mbali na jiko, kisha mletee fundi unayemwamini.